Maziwa Kwenye Sufuria ya Chai

Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, fundi wa nguo alikamua maziwa ya kifuani mwake, ampelekee mwanawe hospitali. Mwanawe alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo hata wakamwita Punje. Bado alikuwa wodini. Maziwa ya fundi yalikuwa haba, hayakufunika hata kitako cha chupa. Hospitali ilijazia kwa maziwa waliyochangia akina mama wengine.

Siku hiyo nesi aliinua chupa aliyoileta fundi kwenye mwanga. Juu kulikuwa na utando.

"Mama Punje, haya maziwa umeyafanyaje?"

"Nimeyachemsha."

"Umeyachemsha!"

"Si mlisema ya kuchangia mnayapasha moto kuua vijidudu? Nikaona na mimi nisimletee mtoto uchafu."

Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, akadakia kwa fahari, "Nimesimamia mwenyewe, kwa sufuria yangu ya chai! Yamefoka mara mbili. Hakuna kijidudu kilichopona."

"Na vilivyo vizuri havikupona pia, mama," nesi akasema.

Fundi macho yakamtoka pima. "Nimemdhuru mwanangu?"

"Hujamdhuru. Umempunguzia askari wake wa kinga. Maziwa ya mtu mwingine yanaweza kuwa na maradhi, hata kama tumempima. Ndiyo maana tunayapasha kwa joto la kupimwa, bila kuyachemsha, kisha tunayapoza. Vijidudu vinakufa. Lakini moto hauchagui. Sehemu ya kinga nayo inapotea."

"Sasa hayo ya kuchangia mnampa ya nini?"

"Faida inashinda hasara. Tumbo changa hivi linayapokea vizuri kuliko maziwa ya kopo. Ila yako ndiyo ya kwanza. Wewe umepimwa, u mzima. Nawa mikono, kamulia kwenye chupa safi, yaweke penye baridi, uyalete mabichi. Ya kuchangia yanajazia tu."

"Hata matone haya?"

"Hata tone moja."

Fundi akafuta machozi. Kumbe alikuwa ameipika kinga ya mwanawe!

"Basi bahati," mama mkwe akasema, akifungua mkoba. "Jirani anayenyonyesha amenipa chupa nzima. Mabichi kabisa! Mpe mtoto."

Nesi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama! Mtoto hajayaonja?"

"Bado. Kwani nimefanya nini tena?"

"Ya mama yake mmeyachemsha, ya jirani asiyepimwa mnataka anywe mabichi!"

Mama mkwe akaketi. Kisha akacheka kwa aibu. "Usilolijua ni usiku wa giza. Nimwage?"

"Mwaga. Lakini jirani mlete. Moyo wake tunauhitaji."

Jirani alikuja, akapimwa, akawa mchangiaji. Fundi naye aliendelea kuleta matone yake, mabichi. Matone yakawa kijiko, kijiko kikawa kikombe. Punje akajaa mashavu. Siku ya kwenda nyumbani, alinyonya mwenyewe, kwa nguvu, akiguna.

Jikoni, mama mkwe aliinua sufuria yake juu. "Sikilizeni nyote! Hii ni ya chai tu."