Maneno Aliyoyaongeza Arek

Likizo ya Agosti, kila asubuhi Arek aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akaenda ofisi ya msaada wa kisheria pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kazi yake ilikuwa kumtafsiria dada Jepkoech, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa nne aliyetumwa huko kwa mazoezi. Jepkoech hakujua Kidinka hata cha salamu. Arek alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

Alimpenda dada huyo kupita kiasi. Alimwona akila githeri kwa mkono mmoja na kufunua kitabu kwa mwingine. Jepkoech alimweleza kwamba baada ya chuo kikuu kulikuwa na mafunzo mengine ya uwakili Nairobi, na mitihani iliyowaangusha wengi. Waliofaulu waliweza kuwa mawakili, waendesha mashtaka, hata mahakimu. Arek akakata shauri kuwa wakili. Yeye aliamini wakili ni mtu wa maneno matamu, na hapo ndipo alipopotea, maskini.

Siku moja alikuja ofisini jirani wa akina Arek, Mama Dut, macho yamevimba kwa kulia. Mwanawe Dut alikuwa amekamatwa Lodwar kwa kutoka kambini bila kibali cha kusafiri. Mama alieleza yote waziwazi kwa Kidinka. Kibali Dut hakuwa nacho. Mtoto wake mchanga alishikwa na degedege alfajiri, ofisi ya vibali haijafunguliwa, Dut akambeba, akapanda gari hadi hospitali ya Lodwar. Mtoto alikuwa amepona, na barua ya daktari ilikuwa mkobani mwa Mama Dut.

Arek akaona maneno hayo yatammaliza Dut. Basi akatafsiri kwamba Dut alikuwa na kibali, ila kilimpotea njiani. Habari ya mtoto na barua akaimeza kabisa. Jepkoech aliuliza mara mbili kama ni hivyo, Arek akaitikia. Taarifa ikaandikwa, Mama Dut akaweka alama ya kidole gumba.

Jumatatu walikuwa katika mahakama ya Lodwar pamoja na wakili Wandera, msimamizi wa Jepkoech. Mkalimani wa mahakama, mzee Wal, alimsomea Mama Dut taarifa ile kwa Kidinka. Mama Dut aliduwaa.

"Mimi sikusema hivyo," alisema. "Mwanangu hakuwa na kibali."

Hakimu alivua miwani, akataka kujua ni nani aliyemwekea shahidi uongo mdomoni. Dut akarudishwa rumande hadi Alhamisi, naye mama yake akashika kichwa kwa mikono miwili. Arek alitaka kumtoa Dut, kumbe ndiye aliyemrudisha ndani.

Nje, wakili Wandera alimwambia Jepkoech kwamba atalazimika kukiandikia chuo chake barua, na huenda masomo yake yakaishia hapo. Arek angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemshuku.

"Ni mimi," alisema. "Mama Dut alisema kweli. Mimi nilibadilisha."

Jepkoech alimtazama kana kwamba hamjui, kisha akaketi ngazini.

Alhamisi Arek alirudia maneno hayo mbele ya hakimu, machozi yakimtiririka. Mzee Wal akatafsiri ushahidi upya, barua ya daktari ikasomwa, na Dut akaachiliwa. Alipita karibu na Arek bila kumsalimu.

"Dada, bado naweza kuwa wakili?" Arek aliuliza baadaye.

"Miaka minne nafundishwa sheria," alisema Jepkoech, "na somo gumu kuliko yote ni kusikiliza. Maneno ya mtu si mali yako. Hata ukimhurumia vipi, yafikishe yalivyo. Mama Dut alikuja na ukweli uliotosha kumtoa mwanawe, wewe ukamnyang'anya. Leo umesema mbele ya hakimu jambo linalokuaibisha, na wapo mawakili wasioweza hilo. Kwa hiyo unaweza. Lakini kwanza nenda kwa Mama Dut ukaombe msamaha, na uongee mwenyewe, bila wa kukusemea."

Arek akashika njia ya kwa Mama Dut.