Mbwa Aliyebeba Maneno ya Dada Wawili

Jamani, hebu acheni vyungu vyenu kidogo, sogeeni. Habari hii imenikaa kooni tangu juzi, na nisipoitoa itaninyonga.

Mnaijua ile nyumba ya rangi ya ndimu hapa mtaani kwetu Paysandú, yenye mchungwa mbele? Ya kina Etcheverry. Ungepita pale asubuhi ukachungulia dirishani, ungesema pepo imehamia duniani. Jua limejaa jikoni, mkate wa moto uko mezani, redio inaimba kwa sauti ya chini. Dada wawili watu wazima wamekaa. Na katikati yao, juu ya mto wake, kimbwa cheupe chenye manyoya ya kujisokota, kizee, masikio yamelegea kwa raha. Jina lake Bizcocho, kama vile vikate vya siagi tunavyokula na yerba, yale majani machungu tunayoyatilia maji ya moto kwenye kibuyu na kuyafyonza kwa mrija. Amani tupu!

Sasa tazama vizuri pale mezani. Vibuyu viwili. Chupa mbili za maji ya moto. Nani hapa kwetu anakunywa yerba peke yake na dada yake kakaa pembeni? Kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja, kinazunguka. Hata fundi aliyekuja kuziba paa unampa mrija. Vibuyu viwili kwenye meza moja, mtu yeyote wa hapa akiviona anajua: humu ndani mna maiti ambaye hajazikwa.

Zulma ndiye mdogo, yule anayekata watu nywele chumba cha mbele. Nélida ndiye mkubwa, alistaafu posta. Miaka minne iliyopita mama yao alikuwa mgonjwa, tena wakati wa kanivali. Jioni hiyo mama alikula vizuri, akacheka, akamwambia Zulma nenda ukaangalie ngoma, mwanangu, usininunie hapa kama sanamu ya kanisani. Zulma akaenda. Aliporudi, nywele zimejaa vikaratasi vya rangi, akakuta mlango uko wazi na majirani wamejaa sebuleni.

"Mbona hukuniita?" akamlilia dada yake.

Nélida, macho makavu kabisa, akajibu neno moja. "Ungekuja?"

Neno moja tu! Lakini kuna maneno ukiyameza yanakuwa kama mwiba wa samaki, hayashuki wala hayatoki. Tangu siku ile Zulma hakumsemesha dada yake. Nélida naye, kwa kuwa ni mkubwa, akaona haiwezekani yeye aanze.

Hakuna aliyehama. Nyumba ni ya mama, na mbwa ni wa mama. Marehemu alikuwa akimwita Bizcocho kitinda mimba wake, basi nao wakamchukua kama ndugu, halafu wakamfanya mjumbe.

"Bizcocho, mwambie dada yako gesi imeisha."

"Bizcocho, mwambie dada yako nina macho, nimeona."

"Bizcocho, mwambie huyo mwenye macho basi aite mtu wa gesi!"

Na Bizcocho, kila akisikia "mwambie", anainuka. Anatoka kwa huyu anakwenda kwa yule, anakaa miguuni pake, anamtazama usoni kama anayengoja majibu ayarudishe. Wateja wa Zulma walicheka mpaka wakaharibiwa nywele. Mtaa mzima tulicheka. Hilo nalo lishikeni, nitalirudia.

Mwaka jana Bizcocho akaanza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Anakunywa, anakojoa ukumbini, anarudi kunywa tena. Njaa haimwishi. Tumbo likamtoka kama mtungi, manyoya ya mgongoni yakapukutika, usiku anahema kama kapanda mlima. Wakampeleka kwa Dokta Fagúndez, yule mama mpole anayetibu wanyama. Walikwenda wote wawili, ila Nélida aliingia ndani, na Zulma akabaki kwenye benchi la nje, maana viti vya mle ndani vinagusana.

Aliyoyasema daktari mle ndani, Zulma alikuja kuyajua baadaye sana. Ni ugonjwa wa Cushing. Mwili wa mbwa unamwaga homoni kupita kiasi, kama bomba lililoharibika.

"Dawa haimponyi, inakaza bomba," daktari alimwambia Nélida. "Kidonge kimoja asubuhi, pamoja na chakula. Ukikaza kiasi, anaishi vizuri tu. Ukikaza lote, unamuua. Na hili nisikie vizuri, mama. Siku akikataa kula, usimpe dawa. Nipigie simu kwanza."

Nélida akatoka na boksi la dawa mkononi. Akamwinamia mbwa. "Bizcocho, mwambie dada yako unaumwa Cushing, na kila asubuhi utameza kidonge kimoja."

Akaishia hapo. Lile la kukataa chakula lilitaka watu wakae, waulizane, mmoja arudie mwenzake asikie. Ujumbe mrefu haubebwi na mbwa.

Dawa ilifanya kazi, jamani. Maji yakapungua, manyoya yakaanza kuchipua, Bizcocho akarudi kupanda kochi mwenyewe. Kila asubuhi Nélida anampa kidonge ndani ya kipande cha ini la kuku, na Zulma, akijifanya anasoma gazeti, anatazama kwa pembeni na kufurahi kimyakimya.

Halafu Nélida akashikwa na mawe ya nyongo. Maumivu yalimkunja, gari la wagonjwa likaja, akachukuliwa pamoja na mkoba wake. Na dawa ya mbwa ilikuwa ndani ya mkoba.

Kesho yake Zulma alipekua jikoni, kabatini, hata chini ya magodoro. Hakuna dawa. Akashika simu, akatafuta jina la dada yake, akalitazama weee, kisha akairudisha simu mezani. Badala yake akachukua boksi la zamani la dawa ile, alilokuwa anatilia vibanio vya nywele, akavimwaga, akalipeleka kwenye duka la dawa za mifugo akanunua nyingine. Akampa Bizcocho kidonge ndani ya jibini. Mbwa alipomeza, Zulma alijikuta analia. Mama alipokufa hakuwepo. Safari hii yupo.

Hospitalini hakwenda. Alituma mchuzi kwa mkono wa Bi Perla, jirani wa ukuta mmoja. "Perla, waambie hao wa huko mchuzi hauna chumvi, wasije wakanung'unika."

Nélida kitandani akauliza, "Bizcocho anakula?"

"Anakushinda wewe," akajibu Perla.

Kuhusu dawa hakuuliza. Aulize nini? Dawa iko naye, mkobani. Alijua tu mbwa wa mama yake hajameza kidonge hata kimoja, akageukia ukutani.

Aliporudi nyumbani, tumbo limeshonwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuanza tena kumpa dawa, saa nne, wakati Zulma yuko na wateja. Zulma naye alikwisha kumpa tangu alfajiri, dada yake akiwa amelala. Aliwaza, mtu aliyepasuliwa juzi ataweza vipi kumwinamia mbwa? Na tuseme ukweli, alikwisha kuipenda ile kazi. Hakutaka kunyang'anywa.

Wala msidhani hakuna aliyeona. Bi Perla, anafagia upande wake, akamwita Zulma kwenye ukuta.

"Mwenzangu, huyo mdogo wenu anakula maisha! Alfajiri jibini kwako, saa nne ini kwa dada yake. Mie mume wangu hata chai ananiambia jipikie!"

Zulma akacheka. "Anamdekeza kwa maini, si unamjua. Atamnenepesha."

"Si umwambie?"

"Mwambie wewe."

"Mie? Ya nyumba hiyo simo! Msiniingize."

Akaendelea kufagia. Kwamba ndani ya ini mna kidonge kama zamani, hakuna aliyefikiri; Zulma alidhani dawa ile ilikwisha.

Ikaja siku ya mvua. Na mvua hapa kwetu ni maandazi, kila nyumba inanukia mafuta. Nélida yuko jikoni anakaanga, Zulma amekaa anamenya chungwa. Bizcocho, ambaye zamani angekesha chini ya jiko akingoja kipande kidondoke, hakuinua hata pua. Bakuli lake la maji limejaa vilevile tangu asubuhi.

"Bizcocho," akasema Zulma, moyo mweupe, "mwambie dada yako dawa imekolea. Ulafi umekwisha."

Nélida akageuka na mwiko mkononi. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilainika. "Bizcocho, mwambie dada yako nimeona, na namshukuru Mungu."

Kila mmoja alidhani inasifiwa dawa yake.

Mbwa aliinuka apeleke ujumbe. Akapiga hatua chache, akafika katikati ya jikoni, akakaa. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Hakufika kwa yeyote.

"Mjumbe kazeeka," akasema Zulma, na wote wawili wakacheka, kila mmoja akicheka na mbwa.

Alfajiri iliyofuata Bizcocho aligeuza uso kukwepa jibini. Zulma akambembeleza, akakataa. Akaogopa asije akakosa dawa, akamfungua mdomo taratibu, akakisukuma kidonge mpaka nyuma ya ulimi, akampapasa koo. "Meza, baba. Meza. Nipo hapa." Na kwa kuwa alikuwa mbwa mtiifu, akameza.

Saa nne Nélida alileta ini. Bizcocho hakulinusa. Nélida, aliyelijua lile sharti, akarudisha kidonge na kwenda kwenye simu ampigie daktari. Hakumaliza kubonyeza namba. Nyuma yake mbwa alitapika, miguu ya nyuma ikamkatika, akaanguka akitetemeka mwili mzima.

"Zulma!"

Zulma alikuwa anakata nywele za mteja. Jina lake, kwa sauti ile, alikuwa hajalisikia kwa miaka minne. Alikimbia na mkasi mkononi.

Ndani ya teksi walikaa bega kwa bega, mbwa mapajani mwa wote wawili.

Dokta Fagúndez alimtundikia maji, akasikiliza moyo, uso ukabadilika. "Moyo unapiga taratibu mno. Nani anampa dawa?"

"Mimi," akasema Nélida.

"Mimi," akasema Zulma.

Walisema pamoja, kama watoto darasani. Halafu wakatazamana.

"Dawa nilikuwa nayo mimi, mkobani," Nélida akanong'ona.

"Nilinunua nyingine."

"Mbona hukuniambia?"

Zulma alikuwa na jibu. Lilikuja mpaka ncha ya ulimi, neno moja tu, *Ungenisikiliza?* Lingekata kama lile alilokatwa nalo. Akamwona Bizcocho pale mezani, akalimeza.

"Leo asubuhi alikula?" daktari akauliza.

"Alikataa," akasema Zulma. "Nikamlazimisha kidonge."

Daktari akamgeukia Nélida. Nélida akajifunika uso kwa mikono. "Niliambiwa mimi. Sikumwambia. Miezi yote hii sikumwambia."

Walimchoma sindano, wakamfunika blanketi. Mbwa kijana angepona labda. Huyu alikuwa mzee, na bomba lilikuwa limekazwa lote. Mchana ulipogeuka, Zulma akamshika sikio, akasema kwa kwikwi, "Bizcocho, mwambie dada yako sikujua."

Na yule mbwa, jamani, yule mbwa ambaye hata kichwa kilikuwa kizito, aliposikia "mwambie" alikiinua. Akakigeuza polepole, akamtafuta Nélida kwa macho, akampata, akamtazama. Alingoja jibu.

"Nimesikia," Nélida akamwambia. "Nimesikia, mwanangu. Pumzika."

Akalaza kichwa. Hakukiinua tena.

Walimzika chini ya mchungwa. Asubuhi iliyofuata walikaa jikoni kama kawaida, mto uko mtupu katikati. Zulma alichemsha maji. Na mazoea ni kitu kibaya, mdomo ukamtangulia.

"Bizcocho, mwambie dada yako..."

Hakuna aliyeinuka.

Nélida alikuwa ameshika kibuyu chake. Akakisukuma taratibu juu ya meza, mpaka mrija ukamwelekea mdogo wake.

"Niambie mwenyewe," akasema.

Funzo

Ndugu zangu, msiniambie ni mbwa tu. Bizcocho hakuuawa na ugonjwa, maana ugonjwa wake ulikuwa unatunzika. Hakuuawa na chuki wala uzembe pia. Wote wawili walimpenda, na mapenzi ya watu wasiosemeshana ndiyo yaliyomuua. Kununiana si ukimya, ni sumu, na anayeinywa mara nyingi ni yule mdogo wa nyumba asiye na mdomo wa kusema nimeshameza.

Mlio na mgonjwa nyumbani, awe mbwa, awe bibi mwenye presha, awe mtoto mchanga, mchague mtu mmoja wa kutoa dawa, na akitoa aseme kwa sauti wote wasikie. Alilosema daktari liambianeni lote, hasa lile la hatari. Mgonjwa akiacha kula msishangilie na msimlazimishe. Ulizeni kwanza.

Nasi majirani, tuliokuwa tunacheka kwenye kiti cha kunyolea na kusema simo, tulikuwamo. Perla analia mpaka leo.

Kama kuna mtu unamtumia salamu kupitia watoto, au kwa kumgombeza paka ili asikie yeye, inuka sasa hivi, mpelekee mrija. Usingoje mpaka mjumbe azikwe.