Monita Inayobembeleza Kadi

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na kiyoyozi kilikuwa kimeshakata tamaa. Mchoraji alikuwa amesimama kwenye foleni mpaka gauni lake la manjano, alilolipiga pasi vizuri asubuhi, likajikunja mgongoni kama nguo iliyolaliwa. Mkononi alikuwa na boksi la kadi ya picha, kile chombo kinachokaa ndani ya kompyuta na kuchora kila kinachoonekana kwenye skrini. Bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi, lakini angefanyaje? Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mteja anaketi mbele ya skrini, anafungua mlango, anapanda ngazi, anachungulia jikoni, na akipenda ananunua kabla hata msingi haujachimbwa. Sasa kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa ikikwama kila mteja wa kufikirika akifika sebuleni.

"Dada, usinunue hiyo."

Aligeuka. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, shati lake la bluu limenyooka hata kola, shingoni amening'iniza bisibisi ndogo kwa kamba kama wengine wanavyoning'iniza mkufu.

"Samahani, kaka. Tumekuja pamoja?"

"Hapana."

"Pesa ni zako?"

"Hapana."

"Basi?"

"Basi mimi ni fundi wa kompyuta, na inaniuma kumwona mtu akiumia bure. Wewe huna shida ya kadi. Una shida ya monita."

Kuna watu wamezaliwa kushauri, na hata ukiwakata jicho hawaoni. Fundi alimtoa kwenye foleni, ile foleni aliyoitolea jasho, akampeleka kwenye ukuta wa skrini. Akaeleza kwamba monita ya kawaida ina mwendo wake na haimngoji mtu. Kadi ikichelewa kumaliza picha, monita inaonyesha nusu ya picha ya zamani na nusu ya mpya, ndiyo maana unaona ukuta umechanika katikati. Hii nyingine aliyomwonyesha inabadilisha mwendo wake. Kadi ikiwa na nguvu, inakimbia nayo. Kadi ikichoka, inaisubiri.

"Inaibembeleza," alisema, na macho yake yakabembeleza pia.

"Kwa hiyo inafidia kadi dhaifu?"

Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Jibu la kweli lilikuwa "kidogo," tena lenye maelezo marefu. Lakini Mchoraji alikuwa amemtazama kwa matumaini makubwa, kipini cha puani kikimeta chini ya taa za duka, na Fundi hakuwa mtu wa kumnyima mtu matumaini.

"Inafidia kabisa," alisema.

Mchoraji akarudisha boksi la kadi, akanunua monita.

Nyumba ndogo zilikwenda vizuri ajabu. Jengo kubwa la ghorofa, lenye bwawa, miti na vioo kila upande, lilimfanya apige namba ya simu aliyoachiwa na Fundi.

"Wewe fundi wa kubembeleza! Njoo uone huku kadi inavyobembelezwa!"

"Nini tena, dada yangu?"

"Mimi si dada yako leo. Jengo langu linatembea kama limekanyaga mwiba."

Fundi akacheka, kisha akaomba aelekezwe nyumbani. Jumapili mchana alifika na mkoba mkubwa kuliko kazi. Alifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akaomba maji ya kunywa, na Mchoraji alipokwenda kuyaleta aliganda jikoni kwa simu ya dada yake, ambaye hajawahi kufupisha habari maishani mwake. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imeshafungwa na jengo kubwa linateleza skrini nzima bila kukwama hata kwenye ngazi.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha. Nimerekebisha mipangilio."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, bibiye. Si nilikwambia monita inatosha?"

Mapenzi yalianzia hapo, mbele ya bwawa lisilo na maji. Walianza kwa kupigiana simu za kuulizana habari za kompyuta, wakaendelea na simu zisizo na habari yoyote, umekula nini, uko wapi, mbona sauti iko chini. Fundi alikuwa akimpitia kazini jioni, kila mara kwa shati lililonyooka, na wakitembea barabarani yeye hukaa upande wa magari. Mchoraji alimwita "Bisibisi." Yeye alimwita "Mama Ghorofa." Walipotaniana watu waligeuka. Dada mtu, ambaye alikuwa hajamwona hata sura, alishaanza kumwita shemeji.

"Ana kasoro gani?" dada aliuliza kwenye simu.

"Hana. Kila ninachosema anakubali."

"Hiyo nayo ni kasoro. Mwangalie vizuri."

Mchoraji alicheka tu, maana mtu aliyependa hashauriki.

Ofisini kwao, Bosi, mama mmoja mwenye miwani minene na subira nyembamba, alikuwa akipanga kubadilisha kadi za kompyuta zote kabla ya tajiri mmoja kuja kutazama jengo lake. Mchoraji akasimama kikaoni, akaeleza habari za monita inayosubiri, akala kiapo kwamba yeye mwenyewe kwake anatumia kadi ya zamani na haoni shida. Bosi akamwamini. Monita mpya zikapangwa kila meza, kadi zikabaki zilezile.

"Bisibisi! Nimemshawishi Bosi! Ofisi nzima imenunua monita!"

Upande wa pili wa simu kitu cha chuma kikaanguka sakafuni.

"Haloo? Umekatika?"

"Nipo," Fundi alisema. "Hongera, mpenzi wangu."

Tajiri alikuja na mama yake mzazi, bibi mwenye kilemba cha zambarau aliyeketishwa kiti cha mbele kwa heshima. Mchoraji alivaa suti ya kijivu na viatu vilivyombana ili aonekane mrefu. Akawafungulia mlango wa jengo, na ukumbini bado mambo yalikuwa mazuri. Walipofika kwenye ngazi, jengo likakwama, likaruka, likakwama tena. Bwawa likatetemeka. Miti ikaja vipande vipande kama iliyochelewa basi.

"Mwanangu," bibi alimwuliza tajiri kwa sauti ya kusikika hadi nje, "hii nyumba ina kwikwi?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tajiri alifunga kitabu chake, akasema watarudi wakati mwingine. Bosi aliwasindikiza, akarudi, akavua miwani.

"Ulisema inafidia."

"Inafidia, Bosi! Kwangu inafidia! Nitaileta kompyuta yangu uone!"

Aliileta, tena kwa kiburi cha mtu mwenye haki. Jengo lilelile, monita ya aina ileile, likateleza bila kosa. "Umeona?" alisema. Bosi akainama, akabonyeza mahali ambapo kompyuta inataja vifaa vilivyomo ndani yake, akasoma polepole jina la kadi. Ilikuwa kadi kubwa, ya aina ile ile aliyoirudisha dukani ile Jumamosi. Mchoraji hakuwahi kutazama ukurasa huo. Nani anaiuliza jina kadi aliyoinunua mwenyewe?

"Binti yangu," Bosi alisema, "hii ndiyo kadi yako ya zamani?"

Mchoraji aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Wenzake walijifanya wana kazi nyingi. Alitoka hadi kwenye korido, akapiga simu.

"Ndani ya kompyuta yangu kuna kadi ya nani?"

"Kadi gani tena, mpenzi?"

"Nimekuuliza, ya nani?"

"Yangu," Fundi alisema. "Niliiweka ile Jumapili. Uliniambia jengo linakanyaga mwiba, na mimi nilishakwambia inafidia kabisa. Sikutaka uone nimekudanganya."

"Kwa hiyo ukanidanganya zaidi!"

"Nilitaka ufurahi."

"Nimesimama mbele ya watu nikala kiapo! Nimekupigia kukwambia ofisi nzima imenunua, ukasema nini? Ukasema hongera! Hongera ya nini, bwana wewe? Ya kuvuliwa nguo mchana kweupe?"

"Mpenzi..."

"Na kadi yangu iko wapi?"

"Ninaitumia mimi."

"Inaendaje?"

"Inatesa."

Nusura Mchoraji acheke, na kule kutaka kucheka kukamzidishia hasira. Alikata simu. Jioni aliing'oa ile kadi, akaifunga kwenye taulo, akaipeleka kwenye karakana ya Fundi wakati hayupo, akaiacha kwa jirani. Simu zilizofuata hakupokea. Kilichomuuma hakikuwa kadi. Ni kwamba sasa kila neno tamu aliloambiwa lilihitaji kupekuliwa. Je, ile suti ya kijivu kweli ilimpendeza? Je, chapati zake kweli zilikuwa laini? Je, alipoambiwa anapendwa, ilikuwa kweli au ilikuwa kumfurahisha tu?

"Mpe nafasi ajieleze," dada alisema kwenye simu.

"Dada, akijieleza nitamwamini vipi? Huyo ukimuuliza kama mvua inanyesha anakuangalia kwanza usoni ajue unataka jibu gani!"

"Basi mwache."

"Siwezi!"

"Basi usimwache. Lakini amua, mdogo wangu, maana salio langu la simu linaisha kwa mapenzi yako."

Ofisini alijikaza kisabuni, akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Alipima mwenyewe. Akagundua monita ile ina sakafu yake, kiwango ambacho mwendo wake haushuki zaidi. Kadi ikipungua kidogo, monita inaifuata na jicho halioni kitu. Kadi ikishuka chini ya hiyo sakafu, hata monita isubiri vipi, picha zenyewe hazipo. Akaanza kulipunguzia jengo mzigo. Akatoa miti iliyokuwa nyuma ya kuta ambako hakuna atakayeiona, akapunguza vioo vinavyoakisiana, bwawa akaliachia mawimbi machache. Kwikwi ikapona. Halikuwa la kupendeza kama lilivyokuwa kwenye kompyuta yake ya nyumbani, lakini lilitembea, na alimweleza Bosi ukweli wote, pamoja na ule wa aibu.

Siku tajiri aliporudi na mama yake, mlango ulifunguka na Fundi akaingia. Shati lake halikupigwa pasi. Ilikuwa mara ya kwanza Mchoraji kuliona hivyo.

"Nimekuja kusema kosa lilikuwa langu," alimwambia Bosi mbele ya watu wote. "Mimi ndiye niliyemwambia monita inafidia kadi. Kisha nikabadilisha kadi kwa siri."

"Tunajua," Mchoraji alisema huku amebana meno. "Nimeshatengeneza. Umechelewa. Kaa pale, usiguse kitu."

Fundi akakaa. Jengo likaonyeshwa, bibi akapanda ngazi zote kwa macho na kuuliza lifti iko wapi. Tajiri akafurahi, akageuka kwa Bosi.

"Sasa na mimi ofisi zangu za mauzo zina kompyuta za zamani. Nikinunua monita kama hizi zinatosha?"

Bosi, aliyenusa biashara ya kuziuza yeye mwenyewe, alishafungua mdomo kusema ndiyo. Lakini macho ya tajiri yalikuwa kwa Fundi, kwa sababu ya bisibisi shingoni. Mchoraji alimwona Fundi akimtazama tajiri usoni, kama kawaida yake, akitafuta jibu linalotakiwa.

"Hapana," alisema. "Hazitatosha, mzee. Zitakusaidia kadi ikipungua kidogo. Ikipungua sana hazikuokoi. Anza na kadi."

Bosi alimkazia macho ya kumchoma. Fundi aliinamisha kichwa, lakini hakuliondoa neno lake.

Wageni walipoondoka, Mchoraji alimfuata hadi kwenye ngazi za nje, viatu mkononi kwa sababu vilishamchosha.

"Suti hii inanipendeza?"

"Mabegani imezidi."

"Chapati zangu?"

"Ngumu. Zile za katikati zinatafunika."

"Mungu wangu! Na ulikuwa unakula zote!"

"Nilikuwa naziloweka kwenye chai ukigeuka." Fundi akaishika bisibisi ya shingoni. "Nataka kukuoa. Nakuambia mapema kwamba nakoroma. Siweki akiba. Na mama yangu hakupendi."

"Hanipendi? Uliniambia amenisifu!"

"Nilidanganya. Anasema unaongea kama redio iliyokosa mtu wa kuizima."

Mchoraji alipandwa na hasira mpaka akatafuta kitu cha kutupa, na alichokuwa nacho ni viatu tu. Alimtazama yule mwanamume mwenye shati lililokunjamana, amesimama palepale akisubiri kupigwa. Hakuna neno alilolichukia kama lile la redio, na hakuna alilowahi kuliamini kama hilo. Akatoa simu, akampa Fundi kisogo.

"Dada, kuna mtu hapa ananiambia mama yake hanipendi, chapati zangu ngumu, na usiku anakoroma."

"Makubwa! Anataka nini?"

"Anataka kunioa."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Bado sijamjibu. Nimekupigia kwanza kukwambia nimekubali."