Milango ya Biskuti

Asubuhi ile ilianza vizuri tu. Fundi alisukuma cherehani yake ukutani, akaisugua kwa maji ya moto meza anayokatia vitambaa, kisha akatandaza unga. Ilikuwa siku ya kuamkia Krismasi. Nje majirani walikuwa wanafua mapazia, na redio ya mke wa dereva ilikuwa inaimba kwa sauti ya kumsumbua hata kiziwi. Pembeni ya meza alisimama Chiriku, binti wa rafiki yake marehemu, akisaga siagi na sukari kwenye bakuli huku akiongea bila kituo. Jina hilo hakupewa bure.

"Mamdogo, mama alikuwa anaweka mayai kwanza."

"Basi tuweke mayai kwanza," Fundi alisema, na hasira ikampanda upya. Si kwa mtoto. Hasira yake ilikuwa na wenyewe, nao walikuwa nje pale wanafua mapazia.

Rafiki yake alikuwa mwokaji, na Mwokaji ndilo jina alilojulikana nalo. Kila Krismasi alioka biskuti zenye umbo la nyumba, moja kwa kila kaya ya kichochoro kile, akazipamba kwa sukari ya rangi mpaka kila mtu akaijua ya kwake kwa mlango. Mlango wa buluu wa dereva. Mlango wa kijani wa Bi Kiranja, yule mama mwenye nyumba ya mwisho, ambaye tangu ahamie pale hakuna aliyefagia, kufua wala kuoza binti bila kupita kwake. Watu walizigombania biskuti zile. Hata wasiosali walikuja na visahani.

Halafu katikati ya mwaka mjukuu wa Bi Kiranja akaumwa tumbo. Watoto huumwa tumbo, hiyo ndiyo kazi yao. Lakini Bi Kiranja alikaa kibarazani akawaza kwa sauti. "Mtu anaoka nyumba yako, anakupa uile kwa mdomo wako mwenyewe. Ukishaimaliza, umebaki na nini?" Neno mchawi hakulitamka. Aliwaachia wengine walimalizie, nao walilimalizia vizuri. Lisemwalo lipo, walisema. Kufikia mwisho wa mwezi hakuna mtoto aliyeruhusiwa kucheza na Chiriku, na keki za Mwokaji zilikuwa zinaota ukungu kabatini.

Jumapili moja mchana pumu ikambana Mwokaji, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Fundi alikuwa sokoni na Chiriku wakichagua kitambaa cha sare ya shule. Mwokaji alitoka akaenda mlango kwa mlango akibisha. Watu walikuwamo. Sufuria zilikuwa jikoni, redio zilikuwa zinaimba. Hakuna aliyefungua. Fundi aliporudi alimkuta kifudifudi kwenye kizingiti cha Bi Kiranja, vifundo vya mkono wa kulia vimechubuka mpaka nyama inaonekana.

Na wote walikuja msibani. Walilia, wakala, wakaomba kuongezewa.

Sasa wiki hiyo hiyo ya Krismasi Bi Kiranja alikuwa amekuja kwa Fundi, kanga safi, sauti ya asali. Alisema watu hawana amani. Majiko yamezimwa lakini jikoni kunanukia mdalasini, na wote wanajua nani alikuwa anatia mdalasini. "Utuokee zile biskuti, mwanangu. Za kumkumbuka mwenzetu. Atulie."

"Mwenzenu?" Fundi aliuliza.

"Na huyu mtoto, baada ya sikukuu aende kwa ndugu za baba yake. Kichochoro kimeshasema."

"Ana kosa gani?"

"Kosa hana. Ana damu ya mama yake."

Fundi alitamani kumrushia pasi. Alijikaza kisabuni. "Nitaoka, mama. Lakini mtazila mbele yangu, na kila mmoja aseme alichofanya Jumapili ile. Na Chiriku habanduki hapa. Ni mwanangu sasa."

Bi Kiranja alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mlevi. "Wewe oka kwanza," alisema.

Kwa hiyo Fundi alioka. Oveni ilikuwa ya marehemu. Majirani walitaka ivunjwe na kutupwa, yeye akaibeba mgongoni mpaka kwake, na aliyekuwa na la kusema alilimeza. Biskuti zilitoka nzuri, za rangi ya kahawia, kuta zimenyooka. Aliziacha zipoe, akapiga ute wa yai na sukari ya unga, akagawa rangi vibakulini, akatia kwenye mifuko ya nailoni iliyokatwa ncha. Chiriku alipaka mapaa. Fundi alichora milango. Kila alipomaliza mlango mmoja aliuchorea komeo jeusi.

"Mamdogo, mama hakuwa anaweka makomeo."

"Mama yako alikuwa hawajui."

Mvua ilianza ghafla. Walitoka mbio wakaanua nguo, wakarudi na kapu limelowa. Hapo Chiriku akanyamaza. Mtoto yule kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha peke yake.

Kwenye kila mlango wa sukari kulikuwa na mabonyeo manne kwa mstari. Madogo. Yamekaa pale mtu anapobishia hodi.

Fundi alivishika vidole vya mtoto, akavigeuza. Visafi, vimelowa mvua tu. Alichukua kisu akailainisha sukari, mlango kwa mlango, mpaka yote ikawa sawa. Aligeuka kukisuuza kisu. Aliporudi mezani mabonyeo yalikuwa yamerudi, na safari hii yalikuwa ya kina zaidi. Nyumba nzima ilinukia mdalasini, na yeye hakutia mdalasini hata chembe.

Kisha oveni ikavuta pumzi.

Ilikuwa imezimwa, imepoa. Ndani yake kitu kilivuta hewa polepole, kwa filimbi nyembamba, kikakwama. Kikavuta tena. Chiriku aliijua sauti ile kuliko mtu yeyote duniani. Aliilalia tangu amezaliwa.

"Mama," alinong'ona.

Mtu mwingine angekimbia. Lakini hasira ya Fundi ilikuwa imekaa kifuani miezi mingi, na ilipopata mlango ilitoka. Alipiga magoti mbele ya oveni, akaegemeza paji la uso kwenye kioo chake baridi.

"Unabisha hapa kwa nini?" alisema kwa meno yaliyobana. "Mimi lini nilikufungia? Nenda kwao. Nenda ukabishe kwao!"

Pumzi ilikatika. Na harufu ya mdalasini ikatoweka kana kwamba haikuwahi kuwapo.

Krismasi mchana walikusanyika sebuleni kwa Bi Kiranja. Wanawake wa kichochoro, nguo mpya, nyingi kati yazo zimeshonwa na Fundi mwenyewe. Chiriku aliambiwa asubiri kibarazani. Fundi alipitisha sinia. Kila mmoja alichukua nyumba yake, akatazama yale mabonyeo. Bi Kiranja alikula ya kwake kwanza, yote, na komeo lake. Wengine wakafuata.

"Sasa semeni," Fundi alisema.

Bi Kiranja alijipangusa midomo. "Tumekula, yamekwisha. Mwenzetu apumzike. Kesho kutwa kuna gari linakwenda kwa kina baba wa mtoto, nimeshaongea na mwenye gari."

"Tuliahidiana, mama."

"Uliahidi wewe."

Fundi alifungua kinywa amjibu, na jibu lilikuwa tayari, lenye miiba.

Ngo, ngo, ngo.

Wote waligeukia mlango. Hakuna aliyeinuka. Yaani hata siku hiyo! Hata baada ya yote hayo, hakuna aliyeinuka! Fundi aliwapita kwa hasira, akaufungua mlango kwa kishindo. Nje hapakuwa na mtu. Chiriku alikuwa mwisho wa kibaraza, mbali. Sakafu ilikuwa imelowa mvua, haina alama ya unyayo.

Ngo, ngo, ngo.

Sauti ilitoka nyuma yake. Ndani. Mke wa dereva alikuwa amejishika kifua, macho yamemtoka.

"Kiko humu," alinong'ona.

Kikabisha kwa aliyekaa karibu naye. Kikabisha kwa wa pembeni. Vifua vilikuwa vinabishwa chumba kizima, kimoja baada ya kingine, na kila kilichobishwa kilianza kubana. Wakaanza kuvuta hewa. Ile filimbi. Wote. Wanawake wasiowahi kuugua pumu maishani mwao walikuwa wanavuta hewa kama Mwokaji.

"Fundi. Tufanyeje?" mmoja wao aliuliza kwa shida.

Angeweza kuondoka. Ukweli ni kwamba alitaka kuondoka. Alitaka awafungie mlango, akae kibarazani, awasikilize. Alikuwa ameshika kitasa. Kisha akamwona Chiriku. Mtoto alikuwa amesogea dirishani, mikono masikioni, analia bila sauti, maana alijua pumzi ile inaishia wapi.

"Mnafunguaje kitu mlichokifunga kwa midomo?" Fundi alisema. "Semeni!"

Mke wa dereva ndiye aliyeanza. Maneno yalitoka vipande vipande. "Nilimwona. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona vizuri. Nikapandisha redio." Akavuta pumzi ndefu, safi, akaanguka kwenye kochi akilia. Kifua chake kilikuwa kimya.

Wengine wakafuata. Mmoja alizima taa ya jikoni ili aonekane hayupo. Mwingine alimziba mtoto wake mdomo. Mwingine alikuwa na dawa ile ile ya kuvuta mezani, ya mume wake. Hilo Fundi alilisikia likamwingia kama sindano, na hajalisamehe mpaka leo. Walisema, wakasema pia kwamba Mwokaji hakuwa mchawi na kwamba mtoto wake ni mtoto wa kichochoro kile. Kila aliyesema alipumua.

Akabaki Bi Kiranja.

"Mimi nilikuwa nimelala," alisema.

Ngo! Ngo! Ngo! Vikombe vilicheza kabatini.

"Nililala, nimesema!" Uso ulimgeuka rangi ya majivu. Alibana midomo, akaiziba kwa mikono yote miwili.

Ikaitwa teksi ya kumpeleka hospitali, na hakuna aliyetaka kuingia naye. Fundi ndiye aliyeingia, akiwa bado na hasira. "Mimi simwachi mtu mlangoni," aliwaambia wale waliobaki wamesimama.

Hospitalini, daktari wa zamu, kijana mchangamfu, alimfungua Bi Kiranja vifungo vya gauni, akasita. Katikati ya kifua kulikuwa na vinundu vinne kwa mstari. Ngozi ilikuwa imesukumwa kutoka ndani kuja nje.

"Umegongwa na nini, mama?"

Bi Kiranja alitikisa kichwa. Daktari akaweka kifaa chake masikioni, akagusisha kichuma kifuani, akasikiliza. Kisha, kwa mazoea tu ya mtu mwenye adabu, akageukia mlango wa chumba.

"Karibu!" aliita.

Hakuna aliyeingia. Daktari akainuka aende kufungua, na Bi Kiranja akamdaka mkono. Ndipo alipotoa mikono midomoni, na alichonong'ona ndicho alichowaambia watu wa nyumbani kwake Jumapili ile mchana. Fundi alijua hivyo kwa jinsi kilivyotoka, kwa wepesi, kama neno lililokwisha kusemwa.

"Msimfungulie."

Fundi alichukua mkoba wake. "Basi kaa naye," alisema, akatoka.

Chiriku hakwenda popote. Anasoma, anaongea mpaka walimu wanachoka, na watoto wa dereva wanamjia kila jioni.

Bi Kiranja alirudi nyumbani wiki iliyofuata. Picha za hospitali hazikuonyesha kitu. Vile vinundu havijashuka. Ameita seremala akang'oa milango yote ya nyumba yake, wa mbele, wa nyuma, hata wa chooni, na fremu zimebaki wazi kwa upepo na mbu. Haikusaidia. Ukipita pale mchana, redio zikiwa zimenyamaza, unasikia mtu bado anabisha.