Mukaba kwenye paji la Shekinah

"Nani alimufundisha mutoto kubeba vile?"

Rébecca aliuliza hivyo mezani, siku ya Mungu baada ya ibada. Mume wake Timothée alimega bugali. Mama mkwe wake, Mama Maliro, aliomba chumvi. Na katikati ya viti vyao Shekinah, mtoto ambaye hata miaka mitatu hajafikisha, alikuwa anapita ameinama, mukaba wa suruali wa baba yake umekaza paji la uso na kushuka mgongoni, kidole gumba cha kushoto kimeushika karibu na sikio, kama wafanyavyo wamama wanaopanda kutoka mashambani na kitunga cha mihogo.

Mgongoni hakukuwa na kitu.

Baadaye Mama Maliro alisema kwamba batoto banaigaka tu, labda aliona barabarani. Sawa. Rébecca ni mwalimu wa mwaka wa kwanza, hilo hakuhitaji kuambiwa. Mwalimu akikohoa akiandika ubaoni, kesho darasa zima linakohoa likiandika. Lakini mtoto haigi hewa, anaiga mtu, tena anamwiga mpaka namna anavyovuta pumzi. Ndiyo maana swali lake lilikuwa "nani". Ukuta wao unapita kichwa cha mtu, lango ni la bati, na Shekinah hutoka kwenda kanisani tu, kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya wazazi wake. Nyumbani hakuna anayebeba kwa paji. Mama Maliro aliacha shamba tangu magoti yalipomkatalia. Na hata kama mtoto aliwaona barabarani, wamama wa barabarani hawapiti ndani ya saloni ya watu, pale wageni wanapokaa.

Maana mtoto alikuwa na njia yake. Alianzia ukutani nyuma ya jikoni, akakata saloni, akafika mbele ya depo, chumba kidogo ambamo Timothée huweka bidhaa anazotoa mpakani Kasindi. Pale alichuchumaa nusu, magoti yakitetemeka, akangoja. Halafu aliinuka bila kupumzika, akarudi ukutani kuanza upya. Kila hatua alipumua kwa meno: hss, hss.

Rébecca aliuficha mukaba. Mtoto akaendelea bila mukaba. Asubuhi moja, alipokuwa anamnawisha, akakuta alama nyekundu imekata paji kutoka sikio hadi sikio, ngozi imechubuka. Timothée alisema ni kofia. Rébecca akamuuliza kofia gani, maana mtoto hana kofia. Timothée akaanza kutafuta simu yake.

Kisha Shekinah aliacha kula, akaacha na kusema. Shingo yake ikaanza kuzama mabegani kama ya mwanamke mzima aliyebeba tangu usichana wake. Kwenye zahanati wakampa dawa ya minyoo. Rébecca alirudi nayo amekunja uso, akiwaza kwamba watu wote wana jibu, ila hakuna hata mmoja aliyekaa chini akamtazama mtoto.

Basi akakaa yeye. Ilikuwa mchana wa mvua, umeme umekatika, na alipomwona Shekinah anatoka ukutani alimfuata nyuma taratibu, na katika saloni alisikia kwamba ile hss ilikuwa mbili, moja ya chini ya mtoto na moja ya juu yake kidogo, mahali ambapo kichwa cha mwanamke kingekuwa, na harufu ya mihogo iliyolowekwa siku nyingi ikamjaa puani, chachu, yenye tope na moshi wa nguo za shamba, na alipomshika mtoto kiunoni amnyanyue aondoke naye, hakuweza, kwa sababu mtoto ambaye jana alimbeba kwa mkono mmoja alikuwa mzito kama gunia la maharage, na maji baridi yalikuwa yanadondoka sakafuni nyuma yake ingawa paa lilikuwa halivuji.

Mama Maliro aliita Pasta Mathe. Alikuja na waimbaji. Akasema ni jini, akanyoosha mkono, akaliamuru litoke, na chumba kizima kikaitikia kwa makofi. Shekinah alimtazama pasta vizuri sana. Kisha akanyoosha mkono wake mdogo na kukiamuru kiti cha bibi yake, neno la kwanza tangu aache kusema: "Toka." Mwimbaji mmoja alishindwa kuzuia kicheko, akasema pasta amepata msaidizi.

Nyuma ya mlango wa depo uliofungwa kwa kufuli, sauti ya mwanamke aliyechoka ikasema polepole, kama anayejaribu neno jipya mdomoni:

"Toka."

Pasta Mathe alikumbuka kwamba anangojwa kwa mgonjwa mwingine.

Walipobaki peke yao, Mama Maliro alinong'ona, macho kwenye ule mlango.

"Mama Shekinah, zamani, mbele Timothée ajenge hapa, ilikuwaka njia. Bamama banapita, banaenda soko. Mumoja alianguka pale depo iko sasa, na kitunga mugongoni. Batu banapita, banasema anapumuzika. Mupaka magaribi, bakakuta alishakufa."

"Mama. Ulijua hii yote?"

"Timothée alisema nisikuambie. Ungekataa nyumba."

Rébecca aliutazama ule mlango kwa hasira. Wamejenga ukuta juu ya njia ya mtu, wakanyamaza. Mwanamke amefika mlangoni na mzigo, nao wamemletea waimbaji wa kumfukuza. Hapa kwetu mtu akiingia na kitunga, hata salamu inangoja. Unamshusha kwanza, ndipo unamuuliza ametoka wapi. Hata mtoto anajua. Kumbe mtoto alikuwa anaonyesha hilo tu kila siku, mbele ya depo, magoti yakitetemeka, na wakubwa wanakula bugali.

Shekinah alikuwa amefika tena, amechuchumaa. Rébecca alipiga magoti nyuma yake.

"Karibu, mama," akasema. "Nakushusha."

Akaingiza mikono hewani, na mikono ikakuta nyasi za kitunga, zimelowa, baridi, na chini yake uzito uliomfanya aume meno. Akanyanyua. Shekinah akachomoka chini, akasimama wima, shingo imerudi. Akasema ana njaa, akamkimbilia bibi yake.

Lakini kitunga hakikushuka. Rébecca alikisukuma kuelekea sakafuni, nacho kikamvuta nyuma, kikapanda mgongoni kwake kana kwamba kinajua pa kukaa, maji ya mihogo yakimtiririka kiunoni, na kitu chembamba kikamkaza paji kutoka sikio hadi sikio, na karibu kabisa na shavu lake mtu akashusha pumzi ndefu, ndefu, ya mtu aliyepokewa mzigo baada ya miaka, na nyayo zikaondoka bila haraka kuelekea langoni. Magoti ya Rébecca yakaanza kutetemeka.

Timothée alikuwa amerudi, amesimama kwenye mlango wa saloni, ufunguo wa pikipiki mkononi, anamtazama.

"Timothée," Rébecca akasema kwa meno, "kuya. Shika upande huu, tushushe pamoja."