Sukari ya Mgonjwa

Siku hiyo mtambo wa forodha ulikuwa umekufa tena, na mtambo wa wakubwa ukifa, Malaba nzima hushika tama. Malori yalipanga foleni kutoka lango la mpaka hadi nje ya mji. Madereva walitandika mikeka chini ya matrela, akina mama wa mayai ya kuchemsha wakawapitia mmoja mmoja, boda boda zikapenya katikati kwa honi na matusi. Wenye kuutengeneza mtambo walikuwa mahali fulani penye kivuli, wakinywa chai. Olinga, fundi wa tairi, aliketi juu ya jeki yake bila kazi, maana lori lisilotembea halipati panchari.

Chini ya lori lililokuwa mbele yake dereva mmoja alikuwa amelala chali, tableti kifuani, akicheka peke yake. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Olinga alimtazama kwa wivu ambao hakuujua ulikotoka. Tangu Amoding, mke wake, azikwe, nyumba yake ya Adungosi ilibaki na sauti mbili tu: redio iliyosoma ahadi za wakubwa, na mbuzi.

Akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, akavuka barabara, akaingia duka la simu ambalo kwa miezi mingi alikuwa akilitazama kutoka ng'ambo.

Nyuma ya kaunta alisimama Leonida, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Sigalame. Alivaa gauni la kitenge la manjano lenye ndege wa buluu, nywele amesuka mistari myembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya shanga. Olinga alipoegemea kaunta, kiwiko cha ovaroli kiliacha alama nyeusi kwenye kioo. Leonida akaifuta bila kununa.

“Boss, saini yako nimeiona. Sasa sema unatafuta nini.”

“Hizo kubwa. Za kuangalia vitu.”

“Tableti. Ni ya nani? Ya mtoto wa shule, ya kazi, ama?”

Lilikuwa swali dogo. Olinga akaitazama mikono yake. Mwanamume mwenye mvi ndevuni, simenti ya kaburi la mkewe haijapauka, atasimama mbele ya watu aombe chombo cha kumchekesha?

“Ya mke wangu,” akasema. “Ni mgonjwa. Analala sana.”

Lilikuwa neno la kweli, ila limechelewa. Amoding alipokuwa amelazwa, mama wa kitanda cha pili alikuwa na tableti, na jioni walikuwa wakiegemeana kuangalia kwaya. Amoding akaomba naye anunuliwe yake. Olinga akamwambia ukipona tutanunua, sasa tunatafuta dawa. Na dawa hazikuwepo, maana wakubwa walikata utepe wa wodi, wakapigwa picha, wakasahau kujaza makabati. Kwa hilo aliwalaumu, na haki alikuwa nayo. Lakini tableti hakukatazwa na mkubwa yeyote. Mwenye kumkatalia alikuwa yeye.

“Basi tuanze na mkono wake,” Leonida akasema, sauti imeshuka. “Una nguvu?”

“Si sana. Kikombe anashika kwa mikono miwili.”

Leonida akaiweka kando ile kubwa kuliko zote, akisema hiyo itamwangukia usoni. Akaweka kando na ya bei ya chini: mgongoni imeandikwa ina nafasi kubwa, lakini ndani ni uongo mtupu, itajaa kabla kwaya haijamaliza kuketi. Akainua ya tatu, nyembamba, akaeleza kwamba hiyo haina mahali pa laini, inataka Wi-Fi.

“Nyumbani kuna Wi-Fi?”

“Kuna mbuzi.”

Leonida alicheka mpaka shanga zikatikisika, na Olinga akasikia kitu kifuani mwake kikisogea, kama tairi lililokwama likiachia rimu. Zikabaki mbili. Leonida akamwonyesha benchi la wateja.

“Lala hapo, mzee.”

“Mimi?”

“Ni mgonjwa ataitumia, si ukuta. Lala, uishike juu ya uso mpaka mkono uchoke.”

Akalala, jibaba zima na ovaroli lake, wateja wakikohoa vicheko. Akaishika ya kwanza. Mkono ukachoka upesi. Akaishika ya pili, nyepesi, spika zake zikitazama mbele badala ya kuzikwa mgongoni, betri ya kuvumilia hata wenye stima wakiamua kulala nayo. Hiyo ilikaa mkononi. Lakini macho ya Olinga yaliipita tableti yakafika kwenye dari, na hapo akajua Amoding alikuwa akitazama nini kutwa nzima. Alitazama dari. Akaketi haraka, akasema anachukua hiyo.

“Anapenda kuangalia nini?” Leonida aliuliza akifunga kava.

“Kwaya. Na mapishi ya watu wa mbali. Keki ikikatwa, anafurahi kana kwamba atapewa kipande.”

Leonida akamtazama juu ya miwani. “Ana bahati, huyo mama. Wanaume wengine mgonjwa wanamnunulia sanda mapema.”

Sifa hiyo Olinga aliibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba kuku wa wizi.

Siku iliyofuata alimpigia Leonida, kwa namba iliyokuwa kwenye risiti, kulalamika kwamba bando limekwisha kabla hajamaliza hata kuangalia mechi moja.

“Ulikaa nayo wapi?” Leonida akauliza.

“Huku chini, karibu na mto.”

“Ndiyo hiyo. Imeshika mtandao wa Uganda. Tableti yako imevuka mpaka bila kitambulisho, na wewe umekaa tu unaangalia mpira.”

“Kumbe ni malaya.”

“Nenda pale kwa laini, uifunge isitembee. Nikuelekeze?”

Alimwelekeza, na alipomaliza wakaendelea kuongea mengine. Tangu hapo Olinga hakukosa sababu. Leo herufi ni ndogo, kesho matangazo yanaruka katikati ya mchezo, kesho kutwa ameandika kutafuta dawa ya viroboto wa mbuzi akaletewa picha za mbuzi waliovaa sweta. Leonida alimwita mzee wa tairi, yeye akamwita mwalimu. Leonida alimweleza kwamba aliwahi kuwa na mume, dereva wa malori, aliyedai ana dada yake kule Tororo, kumbe “dada” huyo ni mke aliyemzalia watoto. Alisimulia kama kichekesho. Olinga hakucheka, na Leonida alilipenda hilo.

Lakini kila simu ilianza hivi: “Mama ameamkaje?” Na Olinga, akitazama msalaba pale nje kando ya migomba, alijibu kwamba yuko tu, hasumbui. Leonida akauliza jina lake apate kumwombea. Akampa. Kila alipotaka kusema ukweli aliona kwamba uongo umeota mizizi, na mwenye kuung'oa atang'oa na Leonida.

Mchana mmoja walikula pamoja kwenye kibanda cha rolex, chapati iliyokunjwa na mayai kama wanavyoipika ng'ambo ya mpaka. Leonida aliikata yake, akampa Olinga nusu kubwa, na vidole vyao vikakutana kwenye karatasi lenye mafuta, vikakaa hapo. Halafu akauvuta mkono kana kwamba ameungua.

“Mzee wa tairi,” akasema taratibu, “wewe una mtu nyumbani.”

Olinga alifungua kinywa. Lori likapiga honi nyuma yake, ndefu, na honi ilipokwisha kinywa kilikuwa kimefungwa. Baadaye alijaribu kulilaumu lori.

Kuanzia siku hiyo Leonida hakushika simu zake.

Jumamosi Olinga aliketi kibarazani kwake, tableti magotini, akiangalia wachekeshaji. Alikuwa anacheka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alicheka mpaka akashika mbavu, na kwa kicheko hicho hakusikia boda boda zikisimama. Alichosikia ni sauti ya mwanamke ikiita kutoka langoni, kwa Kiteso cha kukariri:

“Yoga noi, mama!”

Ilikuwa salamu aliyojifunza kwa ajili ya mgonjwa. Leonida aliingia na wanawake wawili wa kundi lake la maombi, gauni la manjano likiwa limefungwa leso kiunoni, beseni kichwani: sukari, unga, sabuni ya kipande, kuku akichungulia. Alikuwa ameamua kuja kumwona kwa macho yake yule mwanamke, amshike mkono, ili moyo wake upate adabu. Alifika hadi penye migomba. Akaona kaburi, na jina, na picha ndogo ndani ya kioo.

Wachekeshaji waliendelea kucheka ndani ya tableti. Olinga alipapasa kuizima, akaongeza sauti.

Leonida alilitua beseni.

“Alikufa lini?”

“Kabla sijakujua.”

“Kabla hujanijua.” Aliyarudia maneno hayo kama anayeonja chakula kilichochacha. “Wanaume wananificha wake walio hai, Olinga. Wewe umenificha marehemu. Ujanja huo sijawahi hata kuusikia.”

“Leonida, niliona aibu. Mtu mzima kutaka kitu cha kujifurahisha…”

“Unajua nimekuwa nikiomba nini?” Sauti yake haikupanda. “Kila jioni napiga magoti, nasema Mungu mponye Amoding. Na ndani yangu kuna kitu kingine kinaomba asipone. Nimejiona mchawi. Nimefunga kula. Nimekuja na sukari hii kumwomba msamaha mtu ambaye hajui, kumbe ulikuwa umekaa na ukweli, unacheka.”

Olinga hakuwa na mkubwa wa kumsukumia hilo. Alitafuta, akamkosa.

Mmoja wa wanawake akauliza kwa unyonge kama wabebe vitu warudi navyo. Leonida akasema hapana, kitu kilichobebewa mgonjwa hakirudi njiani. Akauweka mfuko wa sukari kibarazani, unga, sabuni, akamfungua kuku miguu. Wakaondoka bila kuaga.

Olinga hakuigusa sukari. Asubuhi alipoanza kuvaa ovaroli ilimkodolea macho, jioni ilikuwa hapo hapo, sisimizi wakiuzunguka mfuko kutafuta tundu. Mwisho alioga, akavaa shati jeupe alilozikia mke wake, akaifunga tableti kwenye boksi lake na kwenda Malaba.

“Nimekuja kuirudisha,” akasema akiisukuma juu ya kioo.

“Hapa haturudishiwi vitu.” Leonida hakuinua macho. “Ina ubovu gani?”

“Ubovu ni wangu. Aliiomba, Leonida. Alipokuwa kitandani aliniomba hii hii, nikamwambia subiri upone. Akafa akiangalia dari. Nilipoingia hapa ukaniuliza ni ya nani, nikaona haya kusema ni yangu, nikasema ni yake. Halafu ukaanza kuichagua kana kwamba atainuka aishike. Ukaulizia mkono wake, ukauliza anapenda nini. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Nikashindwa kukukatiza. Kila ulipouliza ameamkaje, kwangu ilikuwa kama ameamka.”

Mteja aliyekuwa akichagua kava alijifanya kusoma bei.

Leonida alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa, akaivua tena.

“Hayo ungeniambia siku ile ya rolex.”

“Ningekwambia.”

“Mimi siwezi kukusamehe kabla yake. Umemweka mdomoni kwa mtu asiyemjua, ukamfanya mgonjwa tena. Nenda ukamwambie yeye. Na umwonyeshe hiyo tableti, ni yake, nilimchagulia yeye.” Akalisukuma boksi lirudi. “Sasa toka, nina wateja.”

Alasiri hiyo Olinga aliketi kando ya kaburi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na shati lake jeupe. Alijisikia mjinga. Aliiwasha tableti, akatafuta kwaya kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akaiegemeza kwenye msalaba ikitazama chini. Wakaimba. Halafu akazungumza. Alimweleza habari ya benchi, ya dari, ya mwanamke wa Sigalame mwenye ndege kwenye gauni. Akamwambia nilikunyima kitu kidogo nikajificha nyuma ya dawa, na dawa zenyewe sikuzipata. Alipomaliza alimtafutia watu wa mapishi, akasubiri mpaka keki ikakatwa. Kisha akairudisha kwaya.

Simu ikalia mfukoni.

“Umemwambia?” Ilikuwa sauti ya Leonida, na nyuma yake upepo.

“Nimemwambia.”

“Amesema nini?”

“Amenyamaza.”

“Na akinyamaza?”

Olinga alifikiri, maana hakutaka kuongeza uongo mwingine juu ya simenti ile. “Amoding akikataa jambo, walisikia mpaka Kocholia. Akikubali, alikuwa ananyamaza hivi.”

“Usimsingizie marehemu.”

“Nimemsingizia ya kutosha, mwalimu. Hii ni kweli.”

Upepo ukavuma simuni mpaka akadhani mtandao umevuka tena mto.

“Ile sukari iko?” Leonida akauliza.

“Iko. Sijaifungua.”

“Sukari ya mgonjwa haikai mpaka igande. Inanywewa na waliobaki. Weka maji, mimi niko hapa langoni, na huyu wa boda anataka kuondoka, sijui nimwachilie ama nimzuie.”

Olinga aligeuka. Juu ya lango lililopinda aliona kichwa chenye mistari myembamba, na manjano kidogo.

“Mwachilie,” akasema.

Akainuka kutafuta kuni. Tableti akaiacha pale pale kwenye msalaba, kwaya ikiendelea kumwimbia mwenye nayo.