Lupango ya Mashini

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1952, saa ine ya asubuhi, mashini ya kusaga maua ya pireti ilimukamata Vénantie, muke wa Rugamba. Ncha ya kikwembe chake iliingia kati ya mukaba na gurudumu. Wakati kapita, musimamizi wa kazi, alipofika kuzima motere, Vénantie alikuwa amekwisha kufa.

Kapita huyo, Kanamugire, aliandika katika kitabu cha kazi: "Mwanamuke hakuangalia." Maneno mawili tu. Kiisha wakaosha mashini, na nyuma ya saa sita ikaanza kusaga tena. Wakubwa hawakukosa unga wa siku ile.

Nyumba ya Rugamba ilikuwa juu ya kilima, upande wa Bihambwe. Kutoka pale alisikia motere ikilia tangu asubuhi hadi mangaribi. Zamani hakuisikia sana, kwa sababu Vénantie aliongea mingi. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na motere peke yake ilikuwa inaongea.

Kisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, kilining'inia kwenye kamba yake. Kusuka maziwa ni kazi ya wanamuke: Rugamba hakukigusa, na binti yake hakuthubutu. Alikamua ngombe yake moja, akaacha maziwa yagande, akayanywa peke yake amesimama mulangoni. Ngombe zingine alikuwa amekwisha kuuzisha. Malisho yao yote yalikuwa sasa shamba la pireti, yale maua meupe yenye kuua wadudu. Muzungu mwenye shamba alipata malisho yale kwa karatasi. Nani alimwonyesha Rugamba karatasi ile? Hata mumoja.

Mwezi wa pili nyuma ya kifo kile, kapita alimwita Kamaliza, binti yake Rugamba. Alikuwa mutoto wao mumoja, musichana mukubwa wa kuolewa.

"Pahali pa mama yako iko wazi," kapita alimwambia. "Kama hautaki, nitaita mwingine."

"Usiende," Rugamba alisema jioni ile.

"Papa, ngombe moja itatulisha sisi wawili?"

Kesho yake Kamaliza alisimama pale pale mama yake aliposimama, akichambua maua yaliyokauka, na mukaba ukizunguka karibu na kiuno chake.

Tangu siku ile Rugamba alishuka kila asubuhi na kusimama kwenye mulango wa hangari ya mashini. Alikuwa na fimbo yake mabegani na mikono miwili juu ya fimbo, kama muchungaji.

"Unatafuta nini hapa, Papa Rugamba?" Kanamugire aliuliza. "Hapa haiko misioni. Hatugawe rozari."

"Ninaangalia mutoto wangu."

"Mutoto wako iko na macho yake."

"Mama yake pia alikuwa nayo."

Kapita aligeukia mashini. Rugamba akasema:

"Acha nifunge ile mashini. Nitaizungushia lupango, ua wa miti. Miti nitakata mimi mwenyewe, mikono ni yangu."

"Hautaomba kitu?"

"Hata musumari."

"Basi funga." Wakubwa wanakubali upesi kitu ambacho hakiwaombe kitu.

Rugamba alijua kazi moja vizuri: kujenga lupango ya ngombe. Alikata miti, akaisimamisha kuzunguka mukaba na magurudumu, akaifunga kwa kamba. Kwenye mulango aliweka miti mitatu ya kulala, ile inayovutwa kando ngombe zikiingia.

Wafanyakazi walicheka mpaka wakashika tumbo.

"Papa Rugamba, mashini yako itazaa lini?"

"Usisahau kuifunga miguu mbele ya kuikamua!"

Rugamba alikaza kamba ya mwisho. Usiku ule alilala vizuri, mara ya kwanza tangu Oktoba.

Siku ya tatu alikuwa kwenye mulango wa hangari kama kawaida. Maua yalianguka na kuingia chini ya mashini. Kamaliza aliinama, akavuta muti wa mulango kwa mukono mumoja, bila hata kuuangalia. Ndivyo alivyofanya nyumbani kila jioni tangu alipokuwa mudogo, kwa kuingiza ndama. Akapita. Akaanza kufagia maua, na mukaba ukipita juu ya mugongo wake.

"Kamaliza!"

Motere ilinguruma na sauti ya Rugamba haikufika. Lakini Jean-Bosco, fundi mupya wa motere, aliona mudomo wa muzee ukifunguka. Akaizima. Magurudumu yakazunguka bado, yakapunguza, yakasimama.

"Toka, dada," Jean-Bosco alisema. "Toka polepole."

Kamaliza alitoka akiwa na maua mukononi. Aliona uso wa baba yake, akaanza kulia.

"Nilikuwa ninafagia tu, Papa."

Rugamba alikaa chini kwenye udongo. Lupango yake mwenyewe ilikuwa imemufungulia mutoto mulango.

Jean-Bosco alikaa karibu naye. Alikuwa muntu wa Walikale, wa pori. Zamani alifanya kazi huko kwenye mashini za kuosha mawe ya madini. Alionyesha mukono wake wa kushoto. Vidole viwili havikuwepo.

"Hivi vilibaki kule, Papa. Kiisha njo wakaanza kufunika mashini."

"Mimi pia nilifunga."

"Ulifunga vizuri sana. Ila ulifungia ngombe. Ngombe haina vidole, Papa. Haina kikwembe. Na ngombe haiwezi kuvuta muti wa mulango."

Rugamba aliangalia miti yake. "Basi tufanye namna gani?"

"Kwanza tujue kwa nini mutoto aliingia."

"Maua yalianguka," Kamaliza alisema.

"Njo pale tutaanzia. Tukizuia maua kuanguka ndani, hakuna atakayetaka kuingia."

Walipima mashini kwa kamba, kila upande. Jean-Bosco alikataa kukisia kwa macho. "Kila mashini iko na mwili wake," alisema. "Nguo ya mwingine haitaikaa."

Waliondoa lupango, na kazi ikachukua siku sita. Mukaba na magurudumu waliyafunika kwa sanduku la mbao lenye dirisha la wavu wa waya, ili fundi aone ndani. Jean-Bosco alimwita Kamaliza, ambaye mikono yake ilikuwa midogo kuliko ya wote, ajaribu kuingiza kidole katika wavu. Motere ilikuwa imezimwa. Kidole hakikupita. Mbele ya sanduku waliweka muti mumoja mukubwa wa kushikia, uliotoka kwenye lupango ya Rugamba, kwenye kimo cha kiuno, na mwingine kwenye goti. Chini kabisa walipiga ubao wa kuzuia maua. Hakukuwa mulango wa kuvuta.

"Na siku ya kusafisha?" Rugamba aliuliza.

"Tunazima motere. Tunangoja gurudumu isimame kabisa, kwa sababu ikizimwa inazunguka bado. Kiisha tunafungua buloni, ile misumari ya kuzungusha yenye kukaza sanduku, kwa ufunguo wa chuma. Yule anayeingia njo anabaki na ufunguo, pamoja na mukono wa chuma wa kuwashia motere. Hakuna mwingine atakayeiwasha yeye akiwa ndani. Na mbele ya kuiwasha, sanduku inarudi pahali pake."

"Na kapita akisema haraka?"

"Tutamwambia aingie yeye."

Rugamba alicheka. Alishangaa kusikia kicheko chake.

Siku ya mwisho, walitafuta pahali pa kukaza sanduku. Jean-Bosco alipangusa mafuta meusi kwenye muguu wa mashini, akasimama na kitambaa mukononi.

"Papa, kuja uone."

Chini ya mafuta kulikuwa tundu ine katika chuma, zimepangwa vizuri. Jean-Bosco alileta buloni. Ikaingia, ikazunguka, ikakaza.

"Hizi hazikutobolewa hapa," alisema polepole. "Zilitoka na mashini huko ilikotengenezwa. Ilikuja na kifuniko chake."

Rugamba aliingiza kidole katika tundu moja. Ilikuwa baridi.

Sanduku likafungwa kwenye tundu zile zile. Nyuma ya siku chache, upepo uliingia hangarini na kutupa ncha ya kikwembe cha Kamaliza juu ya wavu. Mukaba ulizunguka ndani. Kikwembe kilibaki inje. Kamaliza alikitoa kwa vidole viwili, akakifunga kiunoni, akaendelea na kazi. Siku hizi wanamuke wote wanafunga vikwembe vyao hivyo kabla ya kuingia, na wale waliocheka wanashika muti wa Rugamba wakipita.

Lakini Rugamba alikwenda kwa kapita.

"Kifuniko cha kwanza kiko wapi?"

"Mimi nilikuta mashini iko vile," Kanamugire alisema, bila kuinua macho. "Uliza Muzungu."

Rugamba alingoja kwenye baraza ya Muzungu siku mbili. Siku ya tatu Muzungu alitoka. Alisema alinunua mashini kwa mwingine, na yule mwingine alirudi Ulaya. Kiisha akapanda mutokari yake akaenda.

Sasa Kamaliza anarudi nyumbani kila jioni, muzima, na harufu ya pireti katika nywele. Anasuka maziwa katika kisabo cha mama yake. Rugamba anakaa inje kwenye giza, anasikiliza maziwa yakigonga ndani ya kibuyu, na anauliza swali moja. Kapita hajalijibu. Muzungu hajalijibu. Kitabu cha kazi hakina ukurasa wake.

Buloni ine hazijifungui zenyewe. Nani alizifungua?